Kikosi Kisichoitana

Siku ya tathmini Atuganile alimwacha Ambakisye aseme kwanza. Alijua kwamba akitangulia yeye, hakuna ambaye angebaki na hamu ya kusikia habari njema.

Walikuwa watatu tu, wawezeshaji wa mradi wa jotoardhi wa Ilundo, wamekaa katika ofisi yao ya mabati iliyopakana na zahanati. Nje, ukungu wa asubuhi ulikuwa umeulalia mteremko wa mlima, na visima viwili vya mvuke vilikuwa vikinguruma kama kawaida yao, ngurumo ambayo mgeni huisikia kwa siku chache halafu akaizoea. Mabwawa ya nchi yalipokauka, ngurumo hiyo ndiyo iliyobaki kuwasha taa za mji ulioko bondeni, mashine za hospitali yake na pampu za maji yake.

Mama Sekela, mkubwa wao kwa umri na kwa kazi, alimimina chai ya tangawizi katika vikombe.

"Haya, tujiangalie," alisema. "Tuliletwa hapa tuwafundishe watu kufanya kazi bila kusimamiwa. Tumefika wapi?"

"Mama, tumefika," Ambakisye alisema huku akicheka. "Hakuna msimamizi, hakuna vikao, hakuna mtu aliyegombana na mwenzake tangu mvua zianze. Mtu akichoka, mwenzake ameshafika kumpokea kabla hajafungua mdomo. Mitambo haijawahi kutoa umeme namna hii. Kusema kweli hatuhitajiki tena. Si ndiyo tuliyoyataka?"

Ndiyo waliyoyataka, na Atuganile hakuweza kukataa. Yeye mwenyewe ndiye aliyembandika kila mfanyakazi utando wake wa kwanza nyuma ya sikio, kipande chembamba kama ganda la kitunguu. Utando haukubeba maneno wala mawazo. Ulibeba kile ambacho mwili unahisi na kile unachojiandaa kufanya: msuli unaotaka kuvuta, moyo ulioshtuka, mkono unaotafuta pa kushika. Wiki za mwanzo watu waliona kizunguzungu na kutapika. Baadaye ubongo ulijifunza, kama mtoto anavyojifunza baiskeli, na siku moja mtu akajikuta anajua tu. Anajua kwamba valvu ya upande wa pili inataka kufungwa, na kwamba tayari kuna mkono unaoiendea. Bosi wa nini tena?

"Na wewe, mwanangu?" Mama Sekela alimgeukia. "Mbona chai inapoa?"

"Naogopa, Mama."

Ambakisye akashusha pumzi. "Ni ile habari ya Nsajigwa. Dada Atu, ile ilikuwa ajali."

"Nilikuwepo, kaka. Hukuwepo."

Alikuwepo kweli, siku mbili kabla, amesimama juu ya ngazi za chumba cha valvu cha kisima cha pili, akiwatazama wakifanya kazi. Walikuwa wengi mle ndani na hakuna aliyekuwa akisema neno. Mara, wote kwa pamoja, waliweka chini spana zao. Hawakukimbia. Waligeuka wakapanda ngazi wakampita yeye, mmoja mmoja, nyuso zimetulia kama watu wanaotoka kanisani. Mmoja wao alimshika Atuganile mkono akamvuta kando, kwa upole, kama unavyosogeza kiti kilicho njiani. Ndipo bomba likapasuka nyuma yao, na mvuke ukakijaza chumba chote.

Chini kulikuwa na mtu mmoja bado. Nsajigwa alikuwa amebandua utando wake asubuhi ile kwa sababu ya kidonda sikioni. Alikuwa ameinama, ameipa ngazi mgongo, anakaza nati. Wenzake walimpita karibu kiasi cha kumgusa. Hata Gwantwa, mkewe, alimpita. Hakuna aliyesema "toka."

"Niliwauliza mmoja mmoja," Atuganile alisema. "Kwa nini hamkumwita? Unajua walinijibu nini? Hawakusema walisahau. Hawakusema waliogopa. Walinitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini hawakuliita jiwe. Lugano aliniambia, 'Wote tulitoka.' Nikamwambia Nsajigwa hakutoka. Akarudia palepale, 'Wote tulitoka, dada.'"

Mama Sekela aliweka kikombe chini. Shingoni mwake, kama shingoni mwa kila mwezeshaji, kulikuwa na kidude cha shaba walichokiita kizimio. Wawili wakibonyeza vyao kwa wakati mmoja, tando zote za Ilundo zinakufa. Vilitengenezwa hivyo ili mtu mmoja asije akaamua peke yake.

"Unataka tuzime?"

"Nataka tuzime, lakini siwezi kuona tutazima lini." Atuganile alisukuma kikombe kando. "Zamani zamu zilipopokezana, kulikuwa na muda ambao hakuna mtu chini. Sasa haupo. Hakuna aliyeuondoa, umeondoka wenyewe. Kila nikienda, kuna watu kwenye chumba cha valvu, wamesimama katikati ya mabomba yanayochemka, mikono yao inategemea mikono ya wenzao. Tukizima wakiwa mle, watakuwa kama watu waliofumbwa macho ghafla. Tutawaua. Na najiuliza, Mama, kama hilo nalo hawajalipanga bila kujua kwamba wanalipanga."

"Unawafanya watu kuwa majini sasa," Ambakisye alisema, akainuka. "Hawa ni walewale. Tatizo la Nsajigwa ni moja tu, alikuwa nje. Akirudi ndani, hakuna tatizo. Na mwenyewe anataka."

Hilo nalo lilikuwa kweli, na ndilo lililokuwa likimnyima Atuganile usingizi kuliko yote.

*

Nsajigwa alilala kwa ubavu, maana mgongo wote ulikuwa umefungwa bendeji. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na kupitia dirisha hilo aliweza kuuona uwanja wa changarawe na njia ya kwendea visimani. Alikuwa akiitazama njia hiyo tangu aletwe. Hakuna aliyeipita kuja kwake.

"Gwantwa hajambo?" aliuliza Atuganile alipoingia.

"Hajambo."

"Hajauliza habari zangu."

Atuganile alivuta kigoda akaketi. Mama Sekela alisimama mlangoni, na Ambakisye akapita hadi upande wa pili wa kitanda.

"Dada, nirudishie utando," Nsajigwa alisema. "Muuguzi anasema maumivu yatapungua. Maumivu ya mgongo nayaweza. Hiki kimya ndicho siwezi. Hujui kilivyo. Wewe umekaa nje siku zote, umezoea. Mimi nilikuwa na watu kila mahali ndani yangu, nikilala nikiamka. Sasa nikifumba macho ni mimi tu, na mimi peke yangu sijitoshi."

"Walikuacha, Nsajigwa."

"Hawakuniacha. Hawakuniona." Macho yake yalijaa machozi. "Ningekuwa ndani wangeniona."

"Na mtu mwingine asiye na utando? Mtoto aliyepotea njia akaingia pale? Mimi?"

"Dada, mimi nimeungua. Usinipe mafundisho."

Atuganile alijisikia vibaya, akainamisha kichwa. Hakuuona mkono wa Ambakisye mpaka ulipokuwa umeshafika. Ambakisye alikuwa na utando mpya kwenye kidole, na kwa kidole hicho alikandamiza nyuma ya sikio la mgonjwa, kama mtu anayempaka mwenzake dawa.

"Amba!" Mama Sekela alipiga kelele. "Umefanya nini?"

"Nimemrudisha nyumbani," Ambakisye alisema.

Nsajigwa alifumba macho. Uso wake ulilegea, akatabasamu. Yalikuwa mambo ya kitambo kifupi sana. Kisha Ambakisye akatoa ukelele ambao Atuganile hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima. Aliinama, akajishika mgongo kwa mikono yote miwili, akaanguka magoti na kujikunja sakafuni.

Mgonjwa ndiye aliyekuwa ameungua. Ambakisye alikuwa mzima.

Mama Sekela alimwinamia akamgeuza kichwa, akazisogeza nywele nyuma ya sikio. Utando ulikuwepo pale, umekolea rangi ya ngozi, wa siku nyingi, ingawa mwezeshaji hakuruhusiwa kuuvaa.

"Tangu lini?" Mama Sekela alinong'ona. "Amba, mwanangu, tangu lini?"

"Sijawaambia wale wa visimani kitu," alisema akilia. "Sikuwahi kuwaambia kitu kuhusu ninyi. Hakuna haja ya kuambiana... Unaniunguza. Mama, ananiunguza!"

Kule visimani, sauti nyingi zilipiga yowe kwa wakati mmoja, yowe moja refu. Baada ya miezi ya ukimya, lilimfanya Atuganile asimame bila kujua kwamba amesimama. Likakatika. Lilipokatika, Ambakisye naye alinyamaza. Akakaa wima sakafuni. Machozi yalikuwa bado yanamtiririka lakini uso ulikuwa umetulia.

"Wanakuja," alisema.

"Nani?"

"Wote."

Atuganile alitazama dirishani. Walikuwa wakishuka njia ya visimani katika ukungu, na ovaroli zao za rangi ya chungwa zilionekana kabla ya nyuso. Hawakukimbia. Miguu yao ilipiga changarawe kwa pamoja. Hakuna aliyekuwa na silaha, hakuna aliyekunja uso, na jambo hilo ndilo lililomtia baridi ya mifupa, kwa sababu alikuwa ameshawaona wakitembea hivyo. Palikuwa na kitu kinachovuja, na walikuwa wanakuja kukiziba.

"Watamfanya nini?" alimuuliza Ambakisye.

"Maumivu yataisha."

"Nakuuliza watamfanya nini!"

"Sijui," alisema, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na hofu machoni pake. "Hakuna anayejua. Hatuamui, dada. Tunafanya tu."

Hapo ndipo king'ora kikalia. Kilikuwa king'ora cha presha, kwanza cha kisima kimoja, halafu cha vyote viwili. Atuganile alielewa polepole, kama mtu anayeamka. Wote, alikuwa amesema. Maumivu yaliwatoa wote. Hakukuwa na mtu kwenye chumba cha valvu.

Alimwangalia Mama Sekela, akaona kwamba naye ameelewa. Mkono wa mama ulikuwa tayari kwenye kizimio, lakini uso wake ulikuwa wa mtu anayesihi.

"Mbandue huyu utando," Mama Sekela alisema kwa haraka. "Mbandue tu. Maumivu yatakatika, watageuka, watarudi kwenye valvu kabla mambo hayajaharibika. Ndiyo kazi wanayoijua. Tukizima sasa, nani atazifunga? Watu ambao hata kuamkiana wamesahau? Hospitali ya mji mzima, mwanangu. Watoto kwenye mashine."

Yote yalikuwa kweli. Ilikuwa rahisi hivyo: kucha moja nyuma ya sikio. Atuganile alinyoosha mkono. Nsajigwa, aliyekuwa anatetemeka mwili mzima, alimdaka kifundo cha mkono akakishika kwa nguvu ambazo mgonjwa hapaswi kuwa nazo.

"Usinitoe," alisema. "Waache wafanye wanachotaka. Usinitoe tena."

Mlango ukafunguka. Wa kwanza kuingia alikuwa Gwantwa.

Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, mwenye alama ya zamani ya moto kidevuni. Alimwendea mumewe moja kwa moja, na nyuma yake wengine wakajipanga kuzunguka kitanda bila kusukumana. Atuganile alisubiri amtazame Nsajigwa usoni. Hakumtazama usoni. Alitazama mgongo. Kisha mikono yake, pamoja na mikono ya Lugano, pamoja na mikono mingine, ilishuka pamoja kwenye mto, na mto ukaanza kuinuka.

Labda walitaka kumgeuza tu. Miaka mingi baadaye Atuganile angejiambia hivyo, labda walitaka kumgeuza. Lakini wakati ule alikuwa akiutazama uso wa Gwantwa, na kwenye uso ule hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Angeweza kumbandua Nsajigwa, nao wangeuacha mto na kuondoka, na Gwantwa angepita kando ya kitanda kile kana kwamba ni kitupu. Mji ungepata umeme wake. Na kesho, yeyote atakayekuwa nje atakuwa jiwe.

"Mama," alisema. "Sasa. Hakuna mtu chini. Hatutapata nafasi nyingine."

"Naogopa, mwanangu."

"Na mimi. Bonyeza."

Ambakisye alijirusha kumfikia Mama Sekela mguuni, akachelewa. Walibonyeza.

*

Hakuna aliyeanguka. Atuganile alikuwa amejiandaa kwa mayowe, na badala yake akaona watu wameganda. Mto ulidondoka kutoka mikononi mwao. Lugano alitazama viganja vyake. Mtu mmoja akaanza kutapika kwenye kona. Mwingine alikuwa akizunguka palepale, akiwagusa wenzake mabegani mmoja baada ya mwingine, kama anayehakikisha kuwa wapo.

Gwantwa alikuwa bado ameinama juu ya kitanda. Alimtazama mumewe.

"Nsaji," alisema. Sauti yake ilikwaruza, sauti ya koo ambalo halijatumika. "Nsaji, umefanya nini mgongo?"

Nsajigwa aligeuza uso ukutani, akalia.

Hapakuwa na muda wa zaidi ya hayo. Kishindo kilitikisa vioo. Bomba kuu la kisima cha kwanza lilikuwa limepasuka, na nguzo nyeupe ya mvuke ikapanda juu ya ukungu. Taa ya zahanati ilififia, ikarudi nusu. Watu wakatoka nje wakigongana mlangoni, wakakanyagana, wakaombana radhi. Atuganile alikimbia nao mpaka kwenye kisima cha pili, ambacho king'ora chake kilikuwa kinazidi kupanda. Chumba cha valvu kilikuwa kimejaa mvuke uliotoka kwenye nyufa za lile bomba la juzi. Ngazi ilionekana hadi katikati tu.

"Ni valvu ya chini kabisa," Lugano alisema, akihema. "Ikifungwa hiyo, kisima hiki kinapona. Inataka mtu mmoja. Wawili hawaenei."

"Nani aende?" mtu aliuliza.

Wakatazamana. Kisha wote, mmoja baada ya mwingine, wakamgeukia Atuganile.

Alijua ni nani anayeijua ile valvu vizuri kuliko wengine. Alijua pia kwamba akimtaja, mtu huyo ataenda, maana walikuwa wamezoea kwenda. Jina lilikuwa limefika kwenye ulimi wake. Akajifinya paja, akafunga mdomo ili waamue wenyewe, na kila sekunde aliyonyamaza aliona kwamba inaua watu bondeni.

"Mimi naogopa," Gwantwa alisema.

Lilikuwa jambo la ajabu kulisikia mahali pale. Kwa miezi hakuna mtu wa Ilundo aliyeogopa, kwa sababu hofu ilipoanza kwa mmoja iligawanywa kwa wengi mpaka ikayeyuka. Sasa ilikuwa imerudi yote, kila mmoja na yake.

"Na mimi naogopa," Lugano alisema. "Miguu hainibebi, dada Gwantwa. Nisikudanganye."

"Mimi mikono yangu inatetemeka, siwezi kushika kitu," alisema mwingine.

"Basi nitaingia mimi," Gwantwa alisema. "Mimi ni mwembamba. Nifungeni kamba. Lakini sitaona kitu mle, na siwasikii tena humu." Alijigusa kifua. "Kwa hiyo msinyamaze. Niiteni njia nzima. Nikiwasikia nitajua pa kurudi. Mkinyamaza nitadhani mmeondoka."

Walimfunga kamba kiunoni, wakamvika glovu mbili mbili na kumlowesha maji kichwa hadi miguu. Akashuka. Mvuke ukamfunika magoti, kiuno, kichwa.

"Gwantwa!" Lugano aliita.

"Nipo!"

"Gwantwa!" wakaita wengine, kwa kupishana, kwa sauti mbovu zinazokwama. Hawakuweza kuita pamoja. Mmoja alianza kabla ya mwingine, mwingine akamaliza nyuma.

"Nipo!"

Kamba ikazidi kushuka. Atuganile naye alikuwa akiita. Alisikia chuma kikilia chini, mara moja, mara ya pili. Waliita tena, na safari hii hakukuwa na jibu.

"Mvuteni," mtu alisema.

"Hajafunga bado!"

"Mvuteni, nimesema!"

"Usivute, utamwangusha, subiri!"

Waligombana wakiwa wameishika kamba ileile, macho yamewatoka, na huku wakigombana waliendelea kumwita. Atuganile aliona Lugano analia na kuita kwa pumzi moja. King'ora kilipanda mpaka mwisho, kikabaki pale, kisha kikaanza kushuka.

"Gwantwa!"

"Nipo," ikaja, ndogo sana. "Vuteni."

Walimtoa akiwa na mkono mmoja uliovimba na nyusi zilizoungua. Akaketi kwenye changarawe akikohoa, akasukuma kando kibuyu cha maji alichopewa. Neno lake la kwanza lilikuwa la hasira: nani aliyelegeza kamba alipokuwa kwenye kipandio cha mwisho? Lugano akasema si yeye. Mwingine akasema ni Lugano, alimwona. Wakaanza upya kugombana, sauti juu, vidole vikinyooshwa. Bondeni, nusu ya mji ilikuwa haina umeme, na Atuganile alijua kwamba kabla ya jioni wakubwa wa mradi watapanda mlima kuuliza nani aliamua. Alikuwa na jibu, na jibu hilo lilimtisha. Mama Sekela alikuja akaketi kando yake, wakashikana mikono, yote ya baridi.

Ambakisye aliwafuata akijikokota. Alisimama nje ya duara la waliokuwa wakigombana, kiganja nyuma ya sikio, akikandamiza ngozi kama mtu anayetafuta jino lililong'oka. Alimtazama Gwantwa, akamtazama Lugano, mdomo wazi.

"Sisikii kitu," alisema. "Sijui mnawaza nini. Sijui hata kama mnanichukia."

Ugomvi ukasimama. Lugano alijifuta uso kwa mkono wa ovaroli.

"Basi uliza, kaka," alisema. "Uliza, tutakwambia."